Doa la Barazani

Mimi si mtu wa kusifia ovyo, na wanafunzi wangu hulijua hilo kabla hawajazoea viti vyao. Nafundisha upigaji picha katika chuo kidogo cha ufundi hapa Masasi mjini. Chumba changu kilikuwa stoo ya saruji, na mpaka leo ukigonga meza kwa hasira, jambo ambalo hunitokea, vumbi linanyanyuka. Dirisha langu linatazama milima ya mawe iliyo juu ya mji, na kila mwaka kila mwanafunzi mpya huniletea picha ya milima hiyo jua likizama, akisubiri nimwambie ana kipaji. Namwambia milima imechoka. Namwambia nikitaka kuiona nitafungua dirisha.

Nilikuja huku kutoka Singida kwa ajili ya kazi, nikijiambia ni kwa muda tu. Nimeshapanda mpapai uani kwangu na umeshazaa, basi sijiambii tena.

Kuna wakati walimu tulipelekwa semina ya namna ya kumpa mwanafunzi maoni ya kujenga. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye viatu vinavyong'aa. Alitufundisha tuanze na jambo zuri katika kazi ya mwanafunzi, kisha tutaje kasoro, kisha tumwonyeshe hatua ya kuchukua. Zuri, kasoro, hatua. Alituimbisha maneno hayo kama watoto wa chekechea, watu wazima na mvi zetu, na mimi nilikasirika mpaka nikakataa soda. Niliporudi darasani nikajaribu ili tu nione inavyoshindwa. Haikushindwa. Wanafunzi walipunguza kununa, wakaanza kurudia kazi zao bila kufukuzwa. Tangu hapo sijaiacha, ingawa sijamsamehe yule kijana.

Katika muhula wa pili huwa nafundisha picha dhahania. Ni somo wanalolichukia wote. Nawaeleza kwamba ni picha isiyokuonyesha kitu chenyewe, bali rangi yake, mistari yake, mwanga na kivuli chake, mpaka unasahau kuuliza ni nini. Wanatikisa vichwa kuitikia. Kisha wananiletea picha zilizotikisika na kusema, "Dhahania, Madam." Kuna mmoja aliniletea kidole chake gumba kilichoziba kamera. Nilimwambia jambo zuri ni kwamba ana kucha safi.

Mwaka huo nilikuwa na mwanafunzi kutoka Makote, kule juu Newala. Alikuwa binti mkubwa kuliko wenzake, kwa sababu aliacha masomo kumuuguza mama yake, kisha mama akamfukuza arudi chuoni. Wenzake walimwita Dada, hata wavulana wenye ndevu. Alikaa karibu na mlango na hakuuliza maswali. Siku niliyotoa kazi ya mwisho, picha dhahania za kitu kimoja zitakazopigwa wakati wa mazoezi ya vitendo nyumbani, alisubiri wenzake watoke, akaja mezani kwangu.

"Madam, ukimpiga mtu picha bila mwenyewe kuwemo, inahesabika ni picha yake?"

Nilimwambia inategemea. Nikamwambia akae, maana uso wake haukuwa wa mtu anayeuliza kuhusu mtihani.

Mama yake alikuwa na uvimbe tumboni. Walizunguka hospitali, mwishowe daktari akawaambia wakae naye nyumbani, na wote walielewa maana ya maneno hayo isipokuwa mgonjwa, au pengine mgonjwa aliyaelewa kabla yao. Alikuwa mwanamke mnene, mwimbishaji wa harusi, mtu ambaye akiingia kwenye kigoma, ile ngoma ya harusi, wengine wanasogea wampishe. Sasa alikuwa amebaki mifupa. Akakataza kupigwa picha. Aliwaambia wanawe, "Msinipige nikiwa hivi. Hii si sura yangu." Picha za zamani zilikuwa kwenye simu ya kaka yao, na simu ilitumbukia kwenye tangi la maji ya mvua na haikuwaka tena. Ilibaki ile ya kitambulisho tu, ambayo hawakuihesabu.

"Mama akiondoka hatutakuwa na hata moja," aliniambia. "Nataka ibaki moja, Madam. Moja tu anayoikubali mwenyewe."

Akanieleza alichofikiria. Nyumba yao ni ya udongo, baraza linatazama mashariki, na barazani kuna mahali ambapo mama yake hutandika mkeka, ananyoosha miguu, anaegemeza kichwa ukutani. Mafuta ya nywele na jasho vimeingia kwenye udongo. Pamebaki doa jeusi linalong'aa, pana, lenye umbo lake. Mtu yeyote wa nyumba ile akiliona anajua ni nani.

"Uso amekataza," alisema. "Ukuta hakukataza."

Nilitaka kumwambia kwamba cheti chetu hakihitaji mzigo mkubwa hivyo, apige majani ya mkorosho kama wenzake. Badala yake nikamwambia ajaribu. Nilikuwa nimeguswa, na nilikuwa na wivu kidogo pia, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuwa na wazo zuri kama lile.

Wanafunzi walipokwenda mazoezini, kazi zao zilikuwa zinanifikia kwenye simu, nami nikiwarudishia maoni kwa ujumbe wa sauti. Yeye alikuwa analazimika kutembea hadi karibu na ghala la korosho ndipo apate mtandao, kwa hiyo kwenye sauti zake nilisikia pikipiki na watu wakisalimiana.

Picha ya kwanza ilikuwa mbaya. Alipiga jioni kwa flashi, na katikati ya doa pakawa na mng'ao mweupe kama kioo cha gari. Nikamwambia: jambo zuri, umesogea karibu bila woga. Kasoro, flashi imeliua doa. Hatua, zima flashi, subiri mwanga unaokuja kwa ubavu, asubuhi mapema jua likiwa bado chini, ndipo udongo utakapoonyesha chembechembe zake.

Akanijibu kwa sauti ndogo. "Asubuhi mama ndiyo anakaa pale, Madam. Anaota jua."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Saa pekee ambayo mwanga unalifaa doa ni saa ambayo mwenye doa amelifunika kwa kichwa chake. Mchana baraza lilikuwa kivuli kitupu, jioni ukuta ulikuwa wa kijivu. Nilimwambia ajaribu mchana kwa kutumia kanga nyeupe kurudisha mwanga. Akajaribu, ikatoka picha bapa isiyo na uhai, na pembeni ikaonekana ncha ya kanga. Nilitaja jambo zuri, silikumbuki tena, nadhani nililitunga. Nilimwambia anyooshe kingo. Nilimwambia asiache ule mlango uingie kushoto, kwa sababu jicho linakimbilia mlangoni.

Zikafuata nyingine za namna hiyo. Nilikuwa mkali, nakiri ukali ndiyo kazi yangu, na yeye hakulalamika.

Kisha asubuhi moja, nikiwa nakunywa chai kabla ya kipindi, ikaingia picha iliyonifanya niweke kikombe chini. Hungejua kuwa ni ukuta. Kulikuwa na wekundu wa udongo wa kule juu, umesimama chembe kwa chembe kwa sababu ya mwanga wa ubavu, na katikati yake weusi laini wenye kina, uliofifia kuelekea kingoni, na ufa mwembamba uliopita juu yake ukikatikia humo ndani. Nilimwonyesha mwalimu wa useremala. Akageuza simu, akauliza ni ramani ya mkoa gani. Nilimnyang'anya simu. Mimi nilikuwa nimeona kwamba hapo kuna mtu, na nilikuwa na furaha ya kijinga, furaha ya mwalimu aliyefundisha kitu kikashika.

Nilimsifia, jambo zuri baada ya zuri, mpaka nikasahau kasoro. Kisha nikamuuliza, "Umepiga saa ngapi?"

"Sasa hivi, Madam. Jua lilipotoka."

"Na mama?"

"Leo hakutoka ndani."

Chai yangu ilipoa pale pale mezani. Nilisikia pikipiki ikipita na ujumbe ukakatika.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kuziogopa picha nzuri. Picha ikija yenye mwanga, udongo umesimama, kingo zimenyooka, nilijua mama yake ameshindwa kuinuka. Siku moja alituma picha mbovu kabisa, ya jioni, ya flashi, ya kutikisika, na nilicheka peke yangu kama mwehu kwa sababu maana yake mama alikuwa ameshinda barazani. Nikajikuta naomba kimoyomoyo binti aharibu. Lakini haikuwa hivyo. Picha nzuri zilizidi kuja, zikawa nzuri kuliko zile zilizotangulia, na mimi nikawa natakiwa kila mara kumwonyesha hatua ya kuchukua. Hatua gani? Nilimwambia abadilishe umbali. Nilimwambia apunguze kidogo upande wa juu. Nilikuwa naongea tu ili nisinyamaze.

Chuo kina utaratibu kwamba mwalimu humtembelea mwanafunzi mazoezini. Nilimpangia wiki yake na nikampa hatua moja ya kufanya kabla sijafika. Nilimwambia, "Ile nzuri kuliko zote, mwonyeshe mama. Ulisema unataka aikubali mwenyewe. Bila hivyo hujamaliza kazi." Bado naamini yalikuwa maoni sahihi. Ningempa hivyo hivyo mwanafunzi yeyote.

Nilipanda kwenda Newala siku yenye ukungu. Kutoka Masasi barabara inakwenda tambarare kwa muda mrefu, kisha inapanda kwa kona, na ukifika juu unahisi baridi ambayo watu wa chini hawaiamini. Newala mjini nikachukua bodaboda hadi Makote. Ilikuwa wakati wa kupulizia mikorosho dawa, na mashambani mashine zilinguruma, vumbi la salfa limetanda katikati ya mikorosho, rangi ya njano iliyopauka. Nilifunga mtandio puani. Nakumbuka nilifikiria kwamba vumbi lile lingefaa sana kwa picha dhahania, na kwamba wanafunzi wangu wote waliolelewa humu hawajawahi kuniletea hata moja.

Nilipokaribia ile nyumba nikasikia harufu ya udongo uliolowa. Ilikuwa kiangazi. Kule juu maji ya kiangazi si jambo la mchezo, watu huoga kwa kubania, na mboga zikishaoshwa maji yake hayamwagwi. Harufu ya udongo mbichi haikuwa na sababu ya kuwepo.

Nyumba ilikuwa imesiribwa upya, imepakwa udongo mwingine juu ya ule wa zamani. Ukuta wote wa mbele, kutoka pembe hadi pembe, ulikuwa mwekundu, laini, mbichi bado kwa chini, na juu ya msingi wamepitisha mstari wa udongo mweupe, umenyooka vizuri. Baraza limefagiliwa mpaka unaona njia za ufagio. Mama mkubwa wa binti, dada wa mgonjwa, alikuja kunipokea akiwa bado na udongo kwenye viwiko.

"Karibu mwalimu. Tumejitahidi. Mgeni wa chuo hawezi kukuta nyumba imechakaa."

Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa furaha, akanishika mikono yote miwili. Nyuma yake, mlangoni, alisimama mwanafunzi wangu. Alinitazama, kisha akatazama mahali fulani ukutani. Nilitazama hapo hapo. Palikuwa sawa na pengine pote.

Aliniambia kwa sauti ya chini tulipokuwa tunaingiza kiti. Jana yake alimwonyesha mama ile picha. Mama aliishika simu kwa muda mrefu, akauliza hii ni nini. Akamjibu, "Ni wewe, mama." Mama akauliza, "Mimi ndiyo hivi?" na akamrudishia simu. Asubuhi mama akamtuma Newala mjini kuchukua dawa za maumivu. Aliporudi, mama mkubwa na majirani walikuwa wanamalizia pembe ya mwisho, na pipa la maji lilikuwa tupu.

Mama mwenyewe alikuwa barazani, amekalishwa kwenye kiti cha plastiki mbali na ukuta kwa sababu ukuta haujakauka. Walimfunga kanga mpya, doti ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Shingo yake ilikuwa inashindwa na kichwa, na kila mara alikipeleka nyuma, kikakosa pa kuegemea, akakirudisha. Nilimwamkia. "Marahaba mwanangu," alisema, kwa sauti iliyobaki nzito, sauti ya mwimbishaji, nikashtuka inatoka wapi katika mwili ule.

Tuliulizana habari za Masasi, habari za Lulindi alikozaliwa yeye, habari za safari. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Mwalimu, nasikia nawe unazo kwenye simu yako. Picha za uchafu wa nyumba yangu."

Nilimwambia si uchafu, mama. Nikaanza kumweleza. Nilimweleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza darasani, kwamba picha si lazima ionyeshe sura, kwamba alama ya mtu inaweza kusema habari zake kuliko uso, kwamba mwanawe alitaka kitu kibaki na amekifanya kwa ustadi ambao wengi hawana. Binti alinisaidia kwa Kimakonde pale nilipokwama. Mama mkubwa alisikiliza akiwa ameshika kidevu. Mgonjwa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza mgeni.

"Nimekuelewa," alisema. "Sasa nikuulize. Unajua nilianza kukaa pale lini?"

Sikujua.

"Nilipoanza kuumwa. Nilipokuwa mzima sikukaa. Nani angelima? Nani angepika? Nilikuwa napita tu pale na ndoo." Akapumzika. "Hilo doa ni la ugonjwa, mwalimu. Si langu. Huyu mtoto anataka kunibakizia ugonjwa."

Mwanafunzi wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilihisi kukasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia. Yule mama alikuwa sahihi. Binti naye alikuwa sahihi. Hata mimi sikuwa nimekosea mahali ambapo ningeweza kupaonyesha kwa kidole.

"Futeni," mama alisema.

Nilitoa simu. Nilizifuta mbele yake, kwanza zile za kwenye mazungumzo, kisha zile zilizohifadhiwa, na kila moja nilimgeuzia aione kabla sijaifuta, kwa sababu alitaka hivyo. Ile nzuri niliibakiza mwisho. Aliitazama tena. Nilikuwa na tamaa kwamba atasita. Alitikisa kichwa kwa namna ya mtu anayemkatalia mtoto kitu ambacho si kizuri kwake, na nikaifuta. Mwanafunzi wangu alikuwa anafuta za kwake akiwa amesimama. Machozi yalimdondoka juu ya kioo cha simu, akawa anayapangusa kwa kidole ili aendelee kufuta.

Baada ya hapo mama akachangamka. Aliagiza waniletee korosho za kukaanga, akanihimiza nile, akaniuliza kama Singida kuna korosho na alipoambiwa kuna kuku akacheka. Nilijaribu mara ya mwisho. Nilimwambia amependeza na doti ile, ukuta mpya uko nyuma yake, nimpige moja tu, akipenda nifunike mwili kwa kanga nimpige mikono.

"Nikinenepa, mwalimu," alisema. "Utakuja na kamera yako kubwa. Mpaka korosho ziive nitakuwa nimepata nafuu."

Mama mkubwa akaitikia, "Naam." Mimi pia niliitikia. Mwanafunzi wangu aliingia ndani.

Kwenye basi la kurudi nilikumbuka kwamba simu hazifuti papo hapo. Kuna mahali huzihifadhi picha zilizofutwa, zikakaa kwa muda, mtu akizitaka anazirudisha. Nilifungua. Zilikuwepo zote, ndogo ndogo, zimepangana. Niliteremka Masasi bado sijazigusa, na nikampigia mwanafunzi wangu. Nilimwambia zipo, aseme tu.

Nyuma yake pikipiki ilipita, alikuwa kule karibu na ghala. "Aliona tukifuta, Madam," alisema. "Nikizirudisha nitamwangaliaje?"

Sikuzirudisha. Siku zake zilipoisha zikaondoka zenyewe.

Mama hakukaa tena barazani. Ukuta ulipokauka yeye alikuwa hawezi tena kutolewa kitandani, na alifariki mabibo ya kwanza yakianza kuanguka mikoroshoni. Nilikwenda msibani. Mbele ya jeneza kulikuwa na picha ya kitambulisho iliyokuzwa studio na kuwekewa maua pembeni, na ndani yake mwanamke asiyefanana na mnene wala mwembamba, amekodoa macho kama mtu aliyeamriwa asipepese. Watu waliokuwa wanamfahamu waliitazama na kugeuka. Mzee mmoja aliyekuwa akiimba naye harusini aliuliza kama wamekosea picha. Mama mkubwa, kati ya kulia na kupokea wageni, alikuwa akizunguka barazani akiwainua watu wasiegemee ukuta. Alikuwa anawaambia marehemu aliutaka uwe safi.

Mwanafunzi wangu hakuniletea kazi kwa wakati, na sikumdai. Wenzake walishawasilisha majani ya mikorosho, nyufa, moshi wa mama lishe, nikawapa maoni yao. Ya kwake ilikuja baadaye, siku za mwisho za kusahihisha, picha moja tu badala ya kadhaa nilizoagiza. Chini yake aliandika, "Madam, naomba maoni."

Ilikuwa ule ukuta, mahali pale pale. Alikuwa amepiga asubuhi mapema. Flashi imezimwa. Mwanga umekuja kwa ubavu na udongo umesimama chembe kwa chembe. Kingo zimenyooka, mlango hauonekani, umbali ni ule niliokuwa nikimhimiza. Alikuwa ameshika kila nilichomwambia tangu ujumbe wa kwanza.

Nilifungua ukurasa wa kusahihishia nikaanza kuandika kama nilivyofundishwa. Jambo zuri, niliandika, ni mwanga. Kisha nikaja kwenye kasoro. Niliikuza picha ile nikaipitia kutoka kona hadi kona, taratibu, nikitafuta alama yoyote, mkwaruzo, hata tundu la mchwa. Sikupata kitu. Walikuwa wameusiriba vizuri mno.